Kiuno cha Gauni: Jinsi Wanawake wa Rungwe Walivyotafuta Saizi Yao

Belo la magauni ya mitumba likifunguliwa Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, mikono ya wanunuzi huenda kwanza kwenye kiuno cha nguo. Pindo linaweza kushushwa, mkono ukafupishwa, kola ikang'olewa. Kiuno kikigoma, gauni limekataa. Ndani ya shingo kuna lebo yenye namba, pengine 12, pengine 40, pengine herufi M, lakini mnunuzi mzoefu wa kata ya Bulyaga hapotezi muda nayo. Analiweka gauni kifuani, analikunja katikati, anapima kiuno kwa macho, kisha analigeuza ndani nje aone mshono wa ubavuni umebakiza kitambaa kiasi gani. Hapo anajua kama linamfaa, au kama litamfaa likipita kwa fundi.

Macho hayo yamefundishwa na historia ndefu. Siku hizi magauni yenye sura ya miaka ya 1950, kiuno cha kubana na sketi pana, yamerudi kupendwa duniani, na kampuni kama Collectif ya London na Unique Vintage ya California zilijengwa juu ya mtindo huo. Malalamiko ya wateja wa nguo za namna hiyo yanafanana kila mahali: namba ni yangu, gauni si langu. Rungwe ilikutana na tatizo hilo mapema, na ilipata jibu kwa njia ambayo inastahili kuandikwa kabla mafundi walioibeba hawajastaafu.

Mwanzoni hapakuwa na saizi kabisa. Kabla ya vitambaa vya dukani kuenea, mwanamke wa Kinyakyusa alivaa kitambaa cha magome ya mti kilichofungwa kiunoni, na mapambo ya shaba yalikuwa mali ya thamani mwilini. Vazi la kufunga linamfuata aliyelivaa: akinenepa, fundo linasogea, akipungua, fundo linarudi. Bidhaa za pwani na za ng'ambo zilipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako Kampuni ya African Lakes ilikuwa na kituo Karonga tangu miaka ya 1880, vitambaa navyo havikuwa na saizi. Merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, mikono minane ikafanya doti, yaani karibu yadi nne. Kilichopimwa kilikuwa kitambaa. Mwili wa mvaaji haukuhitaji kipimo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifungua kituo chini ya Mlima Rungwe. Wenzao wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliingia nchi hiyohiyo mwaka uleule. Pamoja na neno la Mungu, misheni ilileta sindano. Kushona kuliingia katika mafunzo ya wasichana, na nguo iliyoshonwa, yenye shingo, mabega na mikono, ikawa mojawapo ya alama za kuonekana za maisha mapya ya Kikristo. Hapo ndipo mwili ulipoanza kudai vipimo. Shuka haijali upana wa mabega, gauni linajali. Magauni ya mwanzo ya misheni kote Afrika Mashariki yalitatua shida hiyo kwa kupwaya: yaliteremka moja kwa moja kutoka begani bila kushika kiuno, na gauni moja liliweza kuvaliwa na mama, dada na shangazi.

Wajerumani, waliokuwa wakitawala koloni, walihamishia makao yao ya utawala katika vilima vya Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20 na kuuita mji Neu Langenburg. Mei 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia yaliuteka, na chini ya Waingereza mji ukajulikana kwa jina la Tukuyu. Bulyaga leo ni mojawapo ya kata za mji huo. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka, na kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Tanganyika, duka la vitambaa lilikwenda sambamba na cherehani barazani. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje, akapimwa palepale.

Fedha za vitambaa hivyo zilitoka pande nyingi. Kahawa ilianza kuwalipa wakulima wa Rungwe. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na hata Afrika Kusini. Walirudi na nguo na mablanketi. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta kitambaa kimeshaingia ndani kabisa ya maisha, hadi kwenye taratibu za mazishi. Nguo ilikuwa heshima, na heshima haiwezi kuvaliwa ikiwa inabana kwapani.

Kisha kikaja kiuno. Februari 1947, mjini Paris, Christian Dior alionyesha magauni yenye kiuno chembamba na sketi iliyomeza mita nyingi za kitambaa, baada ya miaka ya vita ambayo Ulaya ilikuwa inavaa kwa kuponi. Mtindo huo ulisambaa kwa magazeti ya picha, sinema na karatasi za kukatia nguo, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ukawa sura ya mwanamke wa mjini wa Afrika Mashariki: mwalimu, muuguzi, karani, bibi harusi. Gauni lilishika kifua, likabana kiunoni, likafunguka kuelekea magotini, na chini yake likavaliwa gagulo ili sketi isimame.

Gauni la namna hiyo halisamehe. Ndiyo maana lilikuza ufundi. Mwanamke aliyetaka kulivaa Tukuyu hakuwa na duka la kuchagua kati ya namba kumi. Alikuwa na fundi, futikamba, chaki na daftari. Fundi aliandika kifua, kiuno, hipsi, upana wa mabega, urefu toka begani hadi kiunoni, umbali kati ya titi na titi, urefu wa mkono na urefu wa gauni. Kifua aligawanya kwa nne, akaongeza nafasi ya kupumulia. Pinsi zilikusanya kitambaa chini ya kifua ili bodi ikae bila kukunjamana.

Sketi ya solo, ile inayokatwa kwa duara, ina hesabu yake, na hesabu hiyo bado inatumika. Tuseme kiuno ni inchi 30. Fundi anagawanya 30 kwa 6.28 na kupata karibu inchi nne na robo tatu: hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Sketi ikiwa na urefu wa inchi 25, mstari kutoka katikati ya duara hadi pindoni unafika karibu inchi 30. Duara zima basi lina upana wa karibu inchi 60, na kitenge cha kawaida hakifiki hapo. Upana wake ni inchi 45 au 46. Kwa hiyo fundi anakata nusu duara mbili na kuziunga ubavuni. Sketi inakula yadi tatu na theluthi hivi katika kipande cha yadi sita, na zinazobaki zinatosha bodi, mikono na kilemba. Mafundi wengi walioweza hesabu hii hawakuisoma darasani. Waliipokea kwa kukaa miezi na miaka karibu na fundi mwingine, wakianza na kushona vifungo na kufagia vipande.

Huko Marekani, saizi ilikuwa imeanza kutafutwa mapema zaidi, kwa njia tofauti. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick alianza kuuza karatasi za kukatia nguo zilizopangwa kwa saizi, na viwanda vya nguo zilizoshonwa tayari vikakua. Kila kiwanda kilikuwa na saizi zake, na nguo zilirudishwa dukani kwa wingi. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilituma wapimaji chini ya watafiti Ruth O'Brien na William Shelton. Karibu wanawake 15,000 walipimwa, kila mmoja vipimo 59. Lakini vipimo vya wanawake wasio weupe havikuingizwa katika hesabu ya mwisho.

Kutokana na kazi hiyo serikali ya Marekani ilichapisha kiwango cha saizi mwaka 1958. Katika kiwango hicho namba 8 ilikuwa gauni la kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Mwaka 1983 kiwango kilifutwa, na tangu hapo kila kampuni ilikuwa huru. Kampuni nyingi zilipanua nguo huku zikiacha namba palepale, kwa sababu mteja hupenda kusikia kwamba bado anavaa namba ileile ya ujana wake. Namba 8 ya leo katika maduka ya Marekani ni gauni kubwa kuliko namba 8 ya 1958, tena kwa mbali. Ongeza mipaka ya nchi: gauni linaloitwa 12 Uingereza huitwa 8 Marekani, 40 Ufaransa na 38 Ujerumani. Nguo za Kichina hutumia njia nyingine tena. Lebo yenye 165/88A inamaanisha mvaaji wa urefu wa sentimita 165 na kifua cha sentimita 88.

Mwaka huohuo wa 1958, mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alitengeneza uzi unaovutika ambao baadaye uliuzwa kwa jina la Lycra. Uzi huo ulipoingia katika nguo za kila siku, kitambaa kilianza kufanya sehemu ya kazi ya fundi: kilivutika mahali ambapo zamani pinsi ilihitajika. Nguo za M zikaweza kuvaliwa na watu wa miili mitano tofauti. Gauni la kizamani, la pamba au kitani lisilovutika, halina msaada huo, na ndiyo sababu nguo za leo zinazoiga mtindo wa 1950 huwashangaza watu waliozoea fulana na taiti.

Tanzania huru ilikuwa na mawazo yake kuhusu mwili na nguo. Mwaka 1968 Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na khanga na vitenge vya nyumbani vikaenea hadi vijijini. Oktoba ya mwaka uleule Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ianze Januari 1, 1969. Mabishano yaliyofuata magazetini yalihusu utamaduni, lakini yalihusu pia inchi: gauni liishie wapi, libane kiasi gani. Gauni la magotini lenye kiuno na sketi pana lilipita salama katikati ya mabishano hayo. Lilikuwa la heshima kanisani, lilikuwa la kisasa ofisini, na lilikubali kitenge cha taifa.

Halafu vitambaa vikaadimika. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uchumi ulibanwa, viwanda vikakosa vipuri na malighafi, na nguo zikawa bidhaa za kupangia foleni. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, waliodaiwa kuficha bidhaa. Katika miaka hiyo fundi aliishi kwa kugeuza. Gauni la mama lilifumuliwa likawa la binti. Sketi ya solo, kwa wingi wake wa kitambaa, ilitoa sketi nyembamba na blauzi ya mtoto. Nguo zilizokuwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono ziliachiwa zikapanuka, zikaishi tena. Ujuzi wa kuisoma nguo kutoka ndani, ule unaoonekana leo kwenye mabelo, ulikomaa katika dhiki hii.

Bajeti ya 1984/85 ilifungua mlango: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mitumba, ambayo watu walikuwa wakiiita kafa Ulaya, iliingia kwa wingi. Kwa nyanda za juu kusini njia ilikuwa imeshatengenezwa. Barabara kuu na reli ya TAZARA zilileta mzigo Mbeya kutoka Dar es Salaam, masoko ya Mbeya kama Mwanjelwa yakaugawa, na barabara inayoshuka kutoka Uyole ikaufikisha Tukuyu, kilomita 70 hivi kutoka Mbeya mjini, kabla ya kuendelea Kyela na mpaka wa Malawi huko Kasumulu.

Belo la kilo 45 lilikuwa na magauni ya nchi tatu na miongo mitatu. Gauni la Uingereza la miaka ya 1960 lilikaa juu ya gauni la Marekani la 1982 na la Ujerumani la mwaka juzi. Namba zao hazikuzungumza lugha moja. Ndipo wanunuzi walipotengeneza vipimo vyao visivyohitaji chumba cha kujaribia. Kiuno cha sketi au suruali kinazungushwa shingoni. Ncha zikikutana nyuma ya shingo bila kuvutwa, kiuno kinakaribia kuwa sawa. Mshono wa bega unawekwa kwenye mfupa wa bega. Gauni linalazwa juu ya gauni lililovaliwa, kwapa kwa kwapa. Njia hizi hazina usahihi wa futikamba, lakini zinapima kitu halisi, yaani nguo yenyewe na mwili wenyewe.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na neno. Tukuyu iko juu ya mita 1,500, chini ya mlima unaokaribia mita 3,000, katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Juni na Julai baridi inauma. Gauni linalokaa vizuri Dar es Salaam linaweza kuwa dogo Tukuyu kwa sababu ndani yake kunatakiwa kuingia nguo nyingine, na mikono yake ipite chini ya sweta. Makoti na sweta za mtumba zilipata soko la uhakika hapa, na wanawake walijifunza kuongeza nafasi kifuani na kwapani huku kiuno kikibaki palepale. Jedwali la saizi lililochapwa London halijui habari za ukungu wa Rungwe asubuhi.

Mitumba iliwaumiza mafundi na kuwalisha kwa wakati mmoja. Iliwanyang'anya kazi ya kushona nguo za kila siku, kwa kuwa gauni la belo lilikuwa rahisi kuliko kitambaa na ufundi vikijumlishwa. Iliwapa kazi ya kupunguza, kuachia, kubadili zipu na kukata pindo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ilitishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru, na ni Rwanda pekee iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Tanzania iliendelea na mitumba, na mafundi wakaendelea na kazi zao mbili: nguo mpya za shughuli, na marekebisho ya nguo za belo.

Kazi ya shughuli ndiyo iliyookoa vipimo kamili. Sare za kwaya, send-off, kitchen party, ubatizo na harusi haziwezi kutegemea belo, kwa sababu watu thelathini wanatakiwa kuvaa kitambaa kimoja na kila mmoja apendeze katika mwili wake. Katika nchi yenye makanisa mengi kama Rungwe, kwaya moja tu ni somo zima la maumbo: msichana wa miaka 18, mama anayenyonyesha anayehitaji vifungo mbele, bibi mwenye mabega yaliyoinama. Fundi anawapima wote, na daftari lake linabaki kuwa kumbukumbu. Vipimo vya wanawake wa wilaya hii, mwaka baada ya mwaka, vimo katika madaftari ya karatasi za mistari yanayokaa kwenye droo za cherehani, na yanapotupwa, vinatoweka.

Mtindo wa kizamani umerudi kupitia milango yote hii. Msichana anaona picha kwenye simu, gauni la madoa lenye mikono ya puto na sketi ya solo. Anaweza kulitafuta kwenye belo. Anaweza kuliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar es Salaam. Anaweza kununua kitenge na kumpelekea fundi picha. Kampuni za nje zinazoshona mtindo huu zimelazimika kuchapisha jedwali la kifua, kiuno na hipsi kwa inchi na sentimita, kwa kuwa namba peke yake imeshindwa. Mteja anashauriwa ajipime kwa futikamba kwanza, achague kwa kipimo kikubwa zaidi kati ya vyake, kisha apunguze palipopwaya. Fundi yeyote wa Bulyaga angemwambia hivyohivyo, kwa sababu kupunguza kunawezekana daima na kupanua kunategemea akiba.

Akiba hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya gauni la zamani na nakala yake ya leo. Kiwandani kitambaa kinahesabiwa kwa sentimita, na mshono hukatwa karibu na uzi kisha ukapigwa ovaloki. Hakuna cha kuachia. Gauni la fundi, kama la miaka ya 1950, huacha kitambaa ndani. Inchi moja kila ukingo katika mishono miwili ya ubavuni inampa mvaaji karibu inchi tatu za kuongeza kiunoni, baada ya kubakiza kidogo cha kushikia uzi. Kitambaa cha pamba huloweshwa na kukaushwa kabla ya kukatwa ili kisirudi baada ya kufuliwa. Hivyo gauni la solo lililoshonwa kwa ajili ya send-off linaweza kuachiwa baada ya mtoto wa kwanza, likaachiwa tena kidogo baada ya wa pili, na mwenye gauni akaendelea kulivaa kanisani kwa kiuno alicho nacho sasa.